Kinyama cha mfupa kimechukuliwa, jibu halikupatikana: tufanyeje?

Mwezi huu nimechagua barua tatu zinazohusu jambo moja: mtoto ana tatizo kwenye mfupa, amechukuliwa kinyama (kipande kidogo cha kupimwa, yaani biopsi) kwa sindano huku daktari akiongozwa na picha za CT-Scan au altrasaundi, na majibu yaliyorudi hayakusema ugonjwa ni upi. Mbili ni za familia, na ya tatu ni ya tabibu anayeuliza la kufanya kabla kinyama hakijachukuliwa. Nimezifupisha barua hizo, na nimeondoa majina ya watu na ya hospitali zilizotajwa.

SWALI: Daktari, salaam. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka tisa. Alianza kulalamikia maumivu ya mguu wa kushoto, juu kidogo ya goti, na mwanzoni tulidhani ameumia mpirani, lakini baadaye akawa anaamka usiku analia. Eksirei ilionyesha sehemu ya mfupa wa paja iliyolika. Tulipewa rufaa, akafanyiwa MRI, kisha akapewa dawa ya usingizi na kuchomwa sindano ya mfupa ndani ya chumba cha CT-Scan. Baada ya wiki tatu tumepewa karatasi inayosema kwamba sampuli ina damu, vipande vya mfupa uliokufa na chembe chache za kinga. Kwamba hakuna chembe za saratani zilizoonekana. Na kwamba sampuli haitoshi kutoa hitimisho. Daktari anasema huenda kipimo kikarudiwa. Maumivu yamepungua tangu aanze dawa. Shemeji zangu wanasema imetosha, kwa kuwa karatasi imesema hakuna saratani, na kwa kuwa saratani ikichokozwa husambaa. Je, waliomchukua kinyama walikosea? Na je, tunaweza kusubiri kwanza tuone hali inavyokwenda?
Mama B., Sakina, Arusha

JIBU: Mama B., pole sana wewe na mtoto. Nianze na sentensi mbili za karatasi yenu, kwa sababu ndizo zinazowagawa nyumbani. Kusema kwamba hakuna chembe za saratani zilizoonekana ni kusema kwamba katika kile kipande kilichowekwa chini ya hadubini hazikuwamo. Sentensi inayofuata, ile isemayo kuwa sampuli haitoshi, ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa inatamka wazi kwamba kipande hicho hakiwezi kuusemea mfupa mzima. Shemeji zako wameisoma ya kwanza wakaiacha ya pili. Mlichopewa si jibu la kukanusha ugonjwa wala la kuuthibitisha. Ni kazi iliyofika katikati, na mtoto anastahili imalizwe.

Majibu yasiyo na hitimisho hayafanani yote, na ni vyema mzazi ajue lake ni la namna gani kabla hajaamua lolote. Kuna wakati tatizo ni sampuli yenyewe: ni ndogo mno, imepondeka, au imetoka mahali pasipo na chembe hai. Kuna wakati sampuli ni nzuri kabisa, lakini sura inayoonekana inashirikiwa na magonjwa kadhaa, hivyo mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayesoma sampuli kwa hadubini, anaorodhesha yanayowezekana na kuomba vipimo vya ziada. Na kuna hali ya tatu, ambayo mimi naiogopa kuliko hizo mbili: karatasi inataja ugonjwa mpole, tena kwa uhakika, ilhali picha inaonyesha mfupa unaoliwa kwa kasi na uvimbe uliokwisha kutoka nje ya mfupa. Hapo familia hufurahi na kurudi nyumbani, kumbe jibu halioani na mtoto. Lenu ni la namna ya kwanza, na pamoja na uchungu wake, ndilo lenye njia iliyo wazi zaidi, yaani kupata sampuli iliyo bora.

Umeuliza kama walikosea. Kukosekana kwa jibu peke yake si ushahidi wa kosa. Sindano inayotumika kwa mfupa hutoa kipande chenye unene wa milimita moja au mbili na urefu wa sentimita moja hadi mbili, chembamba kama njiti ya kiberiti, na kwa kawaida huchukuliwa zaidi ya kimoja. Daktari wa radiolojia huiona ncha ya sindano kwenye picha, kwa hiyo kufika mahali palipokusudiwa mara nyingi si shida kubwa. Shida ni kwamba ugonjwa wenyewe hauko sawa kila mahali. Uvimbe unaokua haraka huweza kufa katikati kwa kukosa damu, huku chembe hai zikibaki pembezoni au katika sehemu laini iliyochomoza nje ya mfupa. Uvimbe wenye vifuko vya damu huijaza sindano damu tupu. Mfupa uliokuwa mgumu kupita kiasi hupondeka unapotobolewa, na chembe zikipondeka hazisomeki tena.

Sampuli ikishatoka, safari yake maabara nayo ina vikwazo. Mfupa hauwezi kukatwa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini ukiwa bado na madini yake; ni lazima ulowekwe kwanza katika kemikali ya kuyaondoa, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa, na ndiyo maana majibu ya mfupa huchelewa kuliko ya nyama laini. Asidi kali ikitumika kwa muda mrefu huharibu vinasaba ambavyo vipimo vya ziada huvitegemea. Kwa jumla, katika hospitali zenye uzoefu, uvimbe wa mfupa wa mtoto ukichukuliwa kinyama kwa njia hii jibu hupatikana mara nyingi kwa watoto wanane au zaidi kati ya kumi. Hao wanaobaki hawajaonewa na mtu. Kipimo chenyewe kina mpaka wake. Panapodhaniwa maambukizi hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa hata maambukizi ya kweli mara nyingi hayaoteshi kijidudu chochote maabara, hasa mtoto akiwa amekwisha kumeza antibayotiki.

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza jambo ambalo hukuliandika: dawa anayotumia ni ipi? Kama ni ya kutuliza maumivu tu, basi kupungua kwa maumivu hakutuambii chochote kuhusu ugonjwa. Kama ni antibayotiki, nafuu hiyo ina maana fulani na huenda inaelekeza kwenye maambukizi, lakini bado haitoshi kufunga shauri, kwa sababu maumivu ya uvimbe wa mfupa yanaweza kupanda na kushuka yenyewe kwa wiki kadhaa. Mwandikie daktari wenu jina la kila dawa na tarehe iliyoanza kutumika. Taarifa hiyo ndogo inaweza kubadilisha namna karatasi ya maabara inavyosomwa.

Kwa mtoto wa miaka tisa mwenye sehemu iliyolika karibu na goti, magonjwa yanayofikiriwa ni mengi, na sehemu kubwa yake si saratani. Kuna maambukizi ya bakteria wa kawaida, ambayo kwa mtoto mwenye selimundu huweza pia kuletwa na salmonela. Kuna kifua kikuu cha mfupa. Kuna vifuko vya maji au vya damu. Kuna ugonjwa wa chembe za Langerhans (aina ya chembe za kinga), ambao kidonda chake kikiwa kimoja mara nyingi hupona bila dawa kali. Kuna ugonjwa wa mifupa kuvimba kama yenye maambukizi ilhali hakuna kijidudu, ambao hujirudia sehemu mbalimbali za mwili na hujulikana baada ya mengine yote kuondolewa. Halafu kuna leukemia na limfoma, yaani saratani za damu na za tezi, ambazo huweza kuanzia kwenye maumivu ya mfupa, na kuna osteosakoma, saratani ya mfupa inayoongoza kwa watoto na vijana, ambayo hupenda sana eneo la goti, ingawa huwapata zaidi walio katika umri wa kubalehe. Sakoma ya Ewing, saratani nyingine ya mfupa inayotajwa sana katika vitabu vya Ulaya na Marekani, ni nadra kwa watoto wenye asili ya Afrika. Ninayataja haya si kwa kukutia hofu. Ninataka uone kwa nini damu na mfupa uliokufa peke yake haviwezi kutenganisha jambo dogo na kubwa. Ipo hata aina ya osteosakoma iliyojaa vifuko vya damu, ambayo kwenye picha na kwenye sampuli ndogo huweza kufanana na kifuko cha damu kisicho na madhara hayo. Kwa hiyo sampuli yenye damu tupu haipokelewi kama habari njema.

Sasa hofu ya kuchokoza. Nakuomba uwaeleze shemeji zako kwa heshima, kwa sababu hofu yao haikutoka hewani. Wengi wameona ndugu aliyepasuliwa kisha akafariki baada ya muda mfupi, nao wakahesabu kisu kuwa ndicho kilichomuua, ingawa mara nyingi ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa kabla hajafika hospitalini. Ukweli ni kwamba chembe za uvimbe kubaki katika njia ya sindano ni jambo linalowezekana, lakini ni nadra sana, na madaktari wamelipangia. Njia ya sindano huchaguliwa pamoja na daktari bingwa wa upasuaji atakayemtibu mtoto, ili ikija kuhitajika operesheni, njia hiyo ikatwe na kuondolewa pamoja na uvimbe. Kwa mtoto huongezwa sharti jingine, nalo ni kwamba sindano iepushwe, kila inapowezekana, na ile sehemu laini iliyo karibu na ncha ya mfupa ambako mfupa hurefukia.

Hoja hii ya kupanga pamoja ina ushahidi wa miaka mingi. Daktari wa mifupa wa Marekani, Henry Mankin, na wenzake walichapisha mwaka 1982, kisha tena mwaka 1996 wakiwa na wagonjwa 597, uchunguzi kuhusu hatari za biopsi ya uvimbe wa mifupa na nyama. Waliona kwamba makosa na matatizo yalikuwa mengi mara mbili hadi kumi na mbili zaidi pale kinyama kilipochukuliwa katika hospitali iliyotoa rufaa kuliko pale kilipochukuliwa katika kituo ambacho mgonjwa angetibiwa. Wagonjwa wale hawakuwa watoto peke yao, na mazingira yalikuwa tofauti na yetu, lakini fundisho kwenu linabaki lile lile: kipimo kikirudiwa, kirudiwe mahali ambapo daktari wa radiolojia, bingwa wa mifupa na mtaalamu wa patholojia wanaweza kukaa meza moja. Kwa ninyi mlio Arusha, pa karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC pale Moshi. Kama kinyama kilichukuliwa huko huko, ombeni tu kesi ya mtoto ijadiliwe katika kikao cha pamoja cha madaktari.

Kabla ya kuchoma sindano ya pili kuna kazi inayoweza kufanyika juu ya ile ya kwanza. Sampuli haikutupwa. Maabara huihifadhi ikiwa imegandishwa katika vibonge vidogo vya nta, pamoja na vioo vilivyotazamwa kwa hadubini, na familia ina haki ya kuomba, kupitia kwa daktari wao, vitazamwe na mtaalamu wa pili. Nendeni na picha zenyewe, iwe ni filamu au CD, wala msiende na karatasi ya maelezo tu, kwa maana mtaalamu wa patholojia anayesoma mfupa bila kuiona picha yake anafanya kazi akiwa amefumbwa jicho moja. Nimeona zaidi ya mara moja jibu likipatikana kwa njia hii bila mtoto kurudishwa kwenye usingizi. Ikishindikana, ndipo huamuliwa kati ya kurudia sindano, safari hii ikielekezwa pembezoni au katika sehemu laini iliyo hai kama MRI inavyoonyesha, na kufungua kwa upasuaji mdogo ili kupata kipande kikubwa zaidi. Sindano ina kovu dogo, maumivu machache na mtoto huweza kurudi nyumbani mapema. Upasuaji hutoa nyama ya kutosha. Mimi kwa kawaida huunga mkono kurudia sindano mara moja iwapo kuna sababu inayoeleweka ya kushindwa kwa ile ya kwanza, na kupendelea upasuaji iwapo sababu hiyo haieleweki.

Je, mnaweza kusubiri? Kusubiri kunakubalika pale tu ambapo ni uamuzi wa madaktari waliotazama picha na kuona dalili za ugonjwa mpole, na pale ambapo kuna tarehe ya kurudi iliyoandikwa, ya wiki chache, ikiambatana na picha mpya. Kukaa nyumbani kwa sababu karatasi haikutaja saratani ni kusubiri kusiko na mwisho, na kwa sehemu iliyolika karibu na goti sikushauri. Gharama najua ni mzigo, hasa nauli, kitanda na kipimo kurudiwa. Muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla ya siku ya kipimo, na si baada ya bili kutoka.

Wakati mnapanga hayo, mguu usichuliwe wala kukandwa na mtu yeyote, kwa kuwa mfupa uliolika huvunjika kwa nguvu ndogo, na kwa sababu hiyo hiyo mpira usimame na magongo yatumike kama daktari ameyashauri. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, aspirini asipewe. Mrudisheni hospitalini bila kungoja tarehe akipata homa, uvimbe ukiongezeka, maumivu ya usiku yakirudi kwa nguvu, akishindwa kukanyaga, au tundu la sindano likitoa usaha. Siku ya kurudia kipimo mtazingatia tena mfungo wa usingizi: chakula na maziwa ya kopo au ya ng'ombe vikome muda wa saa sita kabla ya kipimo, na kuhusu maji fuateni saa watakazowapangia wataalamu wa usingizi. Mtoto aliyenyweshwa uji asubuhi kwa kuonewa huruma huahirishiwa kipimo, na wiki nyingine hupotea.

SWALI: Mjukuu wangu wa kike ana miaka sita. Mgongo ulianza kumuuma, kisha tukaona nundu imejitokeza. Walimchukua kinyama kwenye pingili kwa sindano. Majibu yanasema vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana, lakini daktari anataka kumwanzishia dawa za kifua kikuu kwa mwaka mzima. Inawezekanaje mtoto kutibiwa ugonjwa ambao kipimo kimesema haupo?
Babu, Machame

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki, na ningefurahi kama wazazi wote wangeuliza hivyo kabla ya kupokea dawa za mwaka mzima.

Kifua kikuu cha mfupa hubeba vijidudu vichache mno kuliko cha mapafu. Mtu mzima mwenye ugonjwa wa mapafu huweza kuwa na mamilioni ya vijidudu katika makohozi yake, lakini pingili ya uti wa mgongo wa mtoto ina vichache, tena vimetawanyika, hivyo kutoviona kwa hadubini hakutoi uthibitisho kwamba havipo. Muulize daktari mambo matatu. Kwanza, je, sampuli ilipimwa kwa mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kijidudu na kuonyesha pia kama ni sugu kwa dawa ya rifampisini? Pili, je, ilipelekwa kuoteshwa, yaani kukuza vijidudu maabara ili vionekane? Kuotesha huchukua wiki nyingi, hadi sita au nane, na huenda jibu hilo bado liko njiani. Tatu, mtaalamu wa patholojia aliona nini katika nyama yenyewe? Kuna mkusanyiko wa pekee wa chembe za kinga, wenye nyama iliyokufa katikati, ambao ukionekana pamoja na pingili mbili jirani zilizolika na usaha kando ya mgongo huwa ushahidi mzito hata kama kijidudu hakikuonekana. Selimundu, kuvu na magonjwa mengine machache huweza kuchanganya, lakini katika nchi yetu, nundu ya mgongo inayokuja polepole kwa mtoto hulazimisha kifua kikuu kifikiriwe mapema.

Kwa hiyo daktari wenu hapuuzi kipimo. Anapima hatari mbili. Akingoja uthibitisho wa asilimia mia, pingili zinaweza kuendelea kubomoka na kukandamiza uti wa mgongo, na mtoto akapooza miguu. Akianza dawa sasa, hatari yake ni madhara ya dawa, ambayo hufuatiliwa. Mwaka mmoja si kwa kumkomoa mtoto: Shirika la Afya Duniani linapendekeza miezi kumi na miwili kwa kifua kikuu cha mifupa na maungio kwa watoto, miwili ya kwanza kwa dawa nne na kumi inayofuata kwa mbili. Dawa hizo hutolewa bure. Hapo Kilimanjaro mna bahati ya kuwa karibu na Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, yenye uzoefu wa muda mrefu wa ugonjwa huu, na daktari wenu anaweza kushauriana nao.

Sharti moja ninalisisitiza, na naomba ulishike hata wengine wakisahau. Matibabu yaliyoanza bila uthibitisho lazima yakaguliwe. Ndani ya wiki kadhaa mjukuu anapaswa kuanza kula vizuri, kuongeza uzito, kulala usiku na kupungukiwa na maumivu. Picha za mfupa huchelewa kubadilika, hivyo zisikuvunje moyo mapema. Lakini kama mtoto mwenyewe haonyeshi nafuu, au anazidi kudhoofu, basi tusiendelee kumeza dawa kwa mazoea. Kinyama kirudiwe, kwa kuwa huenda ni kifua kikuu sugu au ni ugonjwa mwingine kabisa. Miguu ikilegea, akianza kujikwaa bila sababu au kushindwa kuzuia mkojo, mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na wote mnaoishi naye nyumba moja mkapimwe, kuanzia wewe mwenyewe, kwa kuwa mtoto wa miaka sita kwa kawaida huambukizwa na mtu mzima aliye karibu naye.

SWALI: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya. Tunapompata mtoto mwenye homa na mguu uliovimba, tukidhani ana maambukizi ya mfupa, je, tumpe antibayotiki kabla ya rufaa au tuache hadi achukuliwe kinyama?
Tabibu, Usa River

JIBU: Mwenzangu, angalia kwanza hali ya mtoto, kabla ya mfupa. Mtoto mwenye homa kali aliyelegea, anayepumua haraka au mwenye mikono na miguu ya baridi hangojewi: chukua damu ya kuotesha kama chupa zake zipo, mpe antibayotiki ya sindano mara moja, na msindikize. Kuokoa sampuli na kumpoteza mtoto ni hasara isiyo na fidia. Mtoto aliyetulia, anayekula na kucheza, mwenye maumivu ya wiki au miezi, anaweza kufika hospitali ya rufaa bila antibayotiki, na kwa huyo ndipo kila kidonge unachompa hupunguza uwezekano wa kijidudu kuota. Kinachotuangusha mara nyingi ni hali ya katikati, pale mtoto aliyetulia anapopewa amoksilini ya siku tano "kwa kujaribu", kisha nyingine tena, akafika kwenye sindano ya mfupa akiwa na nafuu nusu na majibu yasiyoeleweka. Kama umekwisha kumpa, usifiche; andika kwenye rufaa jina, kipimo na siku.

Na kama siku moja utashiriki kwenye kuchukua au kusafirisha sampuli, hakikisha imegawanywa. Sehemu moja huingia kwenye fomalini, kemikali ya kuhifadhi nyama, kwa ajili ya patholojia, ikizamishwa katika kiasi kinachoizidi sana, takriban mara kumi ya ukubwa wake. Sehemu nyingine huwekwa kwenye chombo safi kisicho na kijidudu, pamoja na matone ya maji ya chumvi ya hospitali, kwa ajili ya kuotesha na GeneXpert. Hii ya pili isiguswe na fomalini hata tone moja, kwa sababu fomalini huua vijidudu na hakuna kitakachoota tena. Sampuli nyingi za mfupa zinazorudi bila jibu la maambukizi zilitumbukizwa zote kwenye chupa moja ya fomalini, kwa haraka za mwisho wa siku.

Fomu ya maabara nayo ijazwe yote. Andika umri wa mtoto, mfupa ni upi na ni sehemu gani ya mfupa huo, maumivu yameanza lini, kama ana homa, selimundu au VVU, ametumia dawa gani, picha imeonyesha nini, na namba ya simu ya daktari ambaye mtaalamu wa patholojia anaweza kumpigia akiwa bado na kioo mbele yake.